Land Rover Kuukuu za Babati: Mali au Mzigo?

Mwezi Oktoba mwaka 2024 jiji la Arusha lilikusanya magari ya Land Rover, mapya kwa makuukuu, kwa nia ya kuvunja rekodi iliyowekwa nchini Ujerumani mwaka 2018, ambako magari 632 ya aina hiyo yalitembea katika msafara mmoja. Wako waliolishangaa tamasha hilo na kuuliza kwa nini jiji zima lisimamishe shughuli kwa ajili ya gari. Hao hawakukulia kaskazini. Hakuna chombo cha moto kilichoingia katika maisha ya wananchi wa Arusha, Manyara na Mara kama Land Rover, kwa heri na kwa shari.

Yapata kilometa 170 kusini mwa Arusha, katika kata ya Bagara mjini Babati, hadithi ya gari hilo haina ngoma wala matarumbeta. Huko, kama ilivyo katika miji mingi ya kaskazini, Land Rover ya miaka ya hamsini huonekana nyuma ya nyumba, chini ya mti, vioo vimefifia, tairi moja limelala na kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Mwenyewe huapa kwamba gari ni zima na linahitaji betri tu. Jirani yake huapa kwamba ni chuma chakavu. Watoto wa mwenye gari, ambao wamekwenda mjini na kurudi na mawazo mengine, husema lipelekwe kwenye mizani ya vyuma na fedha zilipie karo. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na ndiyo maana suala hili linastahili kutazamwa bila jazba.

Hapana budi kuanza na asili yake. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilikuwa mshindi mwenye madeni. Chuma cha pua kiligawiwa kwa kipimo, na kiwanda kilichotaka mgao wa kutosha kilipaswa kuonyesha kwamba bidhaa zake zinauzwa nje na kuleta fedha za kigeni. Kampuni ya Rover, ambayo kabla ya vita ilitengeneza magari ya waungwana, ilijikuta na kiwanda kikubwa na chuma kidogo. Mhandisi wake mkuu, Maurice Wilks, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na shambani humo alitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki kutokana na vita. Kutokana na Jeep hiyo likazaliwa wazo la gari la mkulima. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu, bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, madini yaliyokuwa tele baada ya viwanda vya ndege za kivita kupunguza kazi. Hata rangi ya kijani ya magari ya kwanza ilikuwa masalio ya jeshi. Tarehe 30 Aprili 1948 gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam. Mwaka huohuo zilitokea Morris Minor ya Uingereza, na Peugeot 203 na Citroën 2CV za Ufaransa. Ulaya iliyobomolewa ilikuwa inatafuta magari yasiyo na makuu.

Basi mtu asidhani kwamba Land Rover iliundwa kwa kuwahurumia watu wa Babati. Iliundwa ili Uingereza ilipe madeni yake, na makoloni yalikuwa soko lililo tayari. Katika Tanganyika gari hilo lilimfaa kwanza mtawala. Babati wakati huo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu, na mwananchi aliyeona vumbi la Land Rover likija alijua kwamba anakuja bwana wa wilaya, au bwana mifugo, au mlowezi wa bonde la Kiru. Lakini chombo hakina utii kwa bwana mmoja. Katika miaka hiyohiyo ya hamsini TANU nayo ilitembea vijijini kwa Land Rover kuhubiri uhuru, juu ya barabara zilezile na kwa mafuta yaleyale. Baada ya mwaka 1961 magari hayo yakaanza kushuka ngazi: kutoka serikalini na kwa walowezi kwenda kwa misheni, vyama vya ushirika, walimu, wafanyabiashara wa mazao na wakulima wenye uwezo. Hivyo ndivyo yalivyofika nyuma ya nyumba za Bagara.

Sifa yake ya kwanza, ambayo hata adui wake hawezi kuikana, ni kwamba linatengenezeka. Injini yake ni ya wazi, na fundi anaweza kuinama na kuona kila kitu: kabureta, plagi, dainamo, pampu ya maji. Hakuna kompyuta iliyofichwa, wala taa ya njano inayowaka kwenye dashibodi ikisema jambo ambalo ni mwenye mashine ya kupimia tu awezaye kulitafsiri. Betri ikifa, iko hendeli ya kuzungushia kwa mkono. (Aliyepigwa na hendeli hiyo kifundo cha mkono injini iliporudi kinyume atakuwa na maoni yake.) Bati la mlango likibonyea hunyooshwa kwa nyundo ya mbao. Aluminiamu haili kutu kama chuma, na Babati haina upepo wa chumvi kama Tanga au Bagamoyo, kwa hiyo bodi ya mwaka 1955 inaweza kuwa nzima mpaka leo.

Sifa ya pili ni nguvu iliyopimwa kwa kazi. Gari la kwanza lilikuwa na injini ya lita 1.6 tu na nguvu za farasi zipatazo 50, kiasi ambacho kijana wa leo hukicheka. Lakini lilikuwa na seti mbili za gia, nyepesi na nzito, na magurudumu yote manne yakisukuma. Katika tope la Magugu wakati wa masika, mwendo haudai farasi wengi. Unadai gia nzito na dereva mwenye subira. Aidha, kiwanda kiliweka mahali pa kuchukulia nguvu ya injini kwa shafti au mkanda, ili gari likisimama liweze kuendesha msumeno, pampu au kinu. Hilo lilikuwa trekta dogo, ghala na gari la wagonjwa kwa pamoja.

Thamani ya sifa hizi ilijulikana zaidi katika miaka ya dhiki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya kufungwa, njia ya vipuri kutoka Nairobi ilikatika hadi mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Fedha za kigeni zilikuwa haba, petroli ilikuwa ya shida, na magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea alasiri ya Jumapili. Katika miaka hiyo magari mengi ya fahari yalisimama juu ya mawe. Land Rover ziliendelea kutembea kwa sababu mafundi walikereza bushi kwa mikono, wakakata gasketi kutoka katika makasha, wakafua springi upya kwenye moto, na kulifanya gari moja lililokufa liwalishe matatu yaliyo hai. Hilo halikuwa jambo la kuonea haya. Lilikuwa kujitegemea kwa vitendo, na lilizaa mafundi ambao hawakupata cheti popote lakini walijua gari kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake.

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Hawakusema ya kale hayanywi petroli. Gari hili hunywa. Lita moja hulisukuma kilometa sita au saba likiwa katika hali njema, na pungufu ya hapo likiwa na mzigo au kabureta iliyochoka. Safari ya Babati hadi Arusha itadai kati ya lita 24 na 28 kwenda tu, na mwenye gari atafika baada ya mabasi yote, masikio yakivuma. Inafaa kukumbuka pia kwamba ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa mwaka 2017, na mahali pake ushuru wa mafuta ukaongezwa kwa shilingi 40 kwa lita. Mabadiliko hayo yalimwondolea mzigo yule ambaye gari lake limelala chini ya mti, kwa kuwa zamani deni lilikua hata gari likiwa halitembei. Lakini yule anayelitumia hulipa kila anapojaza tangi, na mwenye injini yenye kiu hulipa zaidi ya jirani yake.

Mafuta yenyewe nayo yamebadilika. Injini nyingi za miaka ile zilizoea petroli yenye risasi, ambayo pamoja na sumu yake ilizilinda valvu zisile viti vyake. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo ifikapo mwaka 2006, na ilikuwa haki kuiacha, kwa kuwa risasi hudhuru akili za watoto. Mwenye gari kuukuu anapaswa kujua kwamba injini inayopoteza nguvu mwaka hadi mwaka huenda haikurogwa. Huenda viti vya valvu vimekwisha na vinahitaji kubadilishwa kwa vilivyo vigumu zaidi.

Kisha kuna madogo yanayochosha. Nati zake ni za vipimo vya Kiingereza vya zamani, na kijana mwenye spana za milimeta huzila kona mpaka zikawa duara. Umeme wa yale ya mwanzo umefungwa kinyume cha magari ya leo, ncha chanya ya betri ikiwa kwenye bodi. Fundi asiyejua hufunga alivyozoea na kuunguza vitu. Gia ya kwanza na ya pili haziingii mpaka dereva akanyage klachi mara mbili na kusikiliza injini, ustadi ambao shule za udereva hazifundishi tena. Shafti za gurudumu la nyuma hukatika zikilazimishwa. Na chini ya ile bodi isiyoliwa na kutu iko chesisi ya chuma, yenye uwazi ndani kama mwanzi, ambayo huoza kutoka ndani kwenda nje. Mwenyewe hupiga rangi juu na kufurahi, huku uti wa mgongo wa gari ukiwa unga.

Hata hivyo, yote hayo ni hasara ya mfuko wa mtu. Liko jambo moja ambalo ni hasara ya watu wengine, nalo ni breki.

Breki za magari hayo ni za ngoma kwenye magurudumu yote, na mafuta yake husukumwa na silinda moja kupitia njia moja. Maana yake ni kwamba bomba moja likipasuka, au kikombe kimoja cha mpira kikichakaa katika gurudumu moja, kanyagio huzama na gari zima hubaki bila breki ya mguu. Ngoma nazo zikipata moto katika mteremko mrefu hupoteza mshiko hata kama hakuna kilichopasuka. Hakuna mikanda ya kiti. Tangi la petroli, katika magari mengi ya aina hiyo, liko chini ya kiti cha mbele. Sasa mtu na afikirie gari kama hilo likishuka ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Bashnet kuelekea Dareda siku ya mnada, na ndani yake wamo akina mama na magunia, vijana wamening'inia nyuma, na mbuzi wamefungwa juu. Dereva mzee aliyeshusha mteremko huo kwa miaka mingi atasema hajapata ajali. Pengine ni kweli, kwa sababu alishuka kwa gia nzito, akiacha injini imzuie. Lakini gari limerithiwa na mpwa wake, ambaye hushuka kwa breki.

Hapo ndipo upande mmoja wa shauri hili unapoelemea. Kubeba mahindi, mbao, madumu ya maji na samadi kwa Land Rover ya mwaka 1956, katika njia za shambani, ni matumizi mema ya mali. Kubeba abiria kwa nauli katika gari hilohilo ni kucheza na roho za watu, na kisingizio kwamba huko milimani hakuna usafiri mwingine kinazidi kupungua nguvu kila mwaka. Stika ya usalama iliyobandikwa kwenye kioo si breki. Mkaguzi anayelipitisha gari la namna hii bila kuvua ngoma hata moja hajakagua kitu.

Tena barabara zimebadilika kuliko magari. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilometa 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na hivyo kuunganisha sehemu ya ile Barabara Kuu ya Kaskazini ambayo Waingereza waliota ingetoka Cape hadi Cairo. Zamani, kwenye changarawe na makorongo ya Kolo na Bereko, Land Rover ilikuwa mfalme na wengine wote walikuwa wageni. Leo mabasi na malori hupita hapo kwa kasi ambayo gari la mwaka 1950 haliwezi kuifikia wala kuikwepa. Chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya njia mbaya kimekuwa hatari katika njia nzuri.

Kuna wanaolitatua tatizo kwa kung'oa injini ya asili na kutia ya dizeli kutoka katika gari la Kijapani. Wapenzi wa magari ya kale wa Ulaya hulia wakiona hivyo. Kilio chao kisiwasumbue watu wa Bagara kupita kiasi. Gari lililokusudiwa kwa mkulima likiendelea kumtumikia mkulima kwa injini nyingine halijadhalilishwa. Lakini busara inataka injini ya asili isiuzwe kwa kilo. Ipakwe grisi, ifungwe turubai, iwekwe stoo, kwa sababu thamani ya gari zima siku moja inaweza kutegemea chuma hicho.

Thamani hiyo si ndoto. Kampuni iliyorithi jina la Land Rover ilianza mwaka 2016 kuyafufua magari ya mwanzo na kuyauza upya kwa makumi ya maelfu ya pauni. Uingereza huyasamehe kodi ya barabara magari yaliyotimiza miaka 40, na Marekani huruhusu kuingizwa magari ya kigeni yaliyopita miaka 25 bila masharti magumu yanayoyakabili mapya. Kwa hiyo huko wako watu wenye fedha wanaotafuta yale ambayo huku hupimwa kwenye mizani. Ikitokea dalali akabisha hodi Bagara, akakagua gari kwa muda mrefu kuliko kawaida, akadai kwamba anataka bati tu, mwenye gari na awe na mashaka. Kihistoria, mali nyingi za Afrika zimeondoka kwa bei ya bati.

Haimaanishi kwamba kuuza ni dhambi. Familia yenye mtoto wa kusomesha ina haki ya kuuza, na gari lisilotembea kwa miaka 20 halimlishi mtu. Kinachochukiza ni kuuza gizani. Vilevile, si kila lililo kuukuu ni la thamani: gari la mwaka 1949 lililo kamili ni jambo moja, na la mwaka 1969 lililofumwa kutoka katika mabaki ya manne ni jambo jingine, japo yote mawili huitwa Land Rover na wenyewe huyapenda sawasawa.

Katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam limehifadhiwa gari la Rolls-Royce lililotumiwa na serikali ya kikoloni na baadaye na Mwalimu Nyerere. Ni vema lipo. Lakini historia ya nchi haikutembea kwa Rolls-Royce. Ilitembea kwa magari ya vumbi yaliyobeba chanjo za ng'ombe, masanduku ya kura, mbegu za pamba na wajawazito usiku. Mkoa wa Manyara, uliozaliwa mwaka 2002, ungefanya jambo la maana kulipata moja ya magari hayo na kuliweka mahali pa heshima mjini Babati, pamoja na maelezo ya mafundi walioliweka hai. Mafundi hao wanazeeka. Kijana wa VETA akikaa nao miezi mitatu atajifunza kukereza na kufua vitu ambavyo hakuna duka linaloviuza, na ujuzi huo utamfaa hata kwenye mashine ya kusaga na pampu ya umwagiliaji.

Kwa mwenye gari ambaye hajaamua, kazi ya wiki hii ni ndogo. Afute vumbi kwenye kibati chenye namba kilichopigiliwa katika chumba cha dereva, anakili namba hiyo na kuilinganisha na iliyogongwa kwenye chesisi, ili ajue ni gari la mwaka gani hasa. Agonge chesisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma na kusikiliza mahali inapojibu kwa sauti ya bati bovu. Kisha atafute kadi ya gari. Ikiwa bado ina jina la marehemu baba au babu, mirathi ifunguliwe kwanza mahakamani, ndugu wote wakiwepo, na dalali angojee.